Kinyozi Aliyeacha Kuuliza

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Kwanini, na yeye aliitika kwa furaha, kwa sababu jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya barabara ya soko, chumba kimoja chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti viwili vya kuzunguka ambavyo kimoja kilikwisha kukataa kuzunguka, na benchi la wanaosubiri ambalo mara nyingi lilijaa watu wasio na nywele za kunyoa. Hao walikuja kupiga soga tu. Na Kwanini, mashine mkononi, kichwa cha mtu kimeinama mbele yake, hakuachia jambo lipite. Taa za barabarani zikizimika wiki nzima, atauliza kwa nini. Gari la taka likiruka mtaa wao na kwenda kuzoa kwa wakubwa, atauliza kwa nini. Wala hakuishia kuuliza kibandani. Alivua aproni, akafunga mlango, akaenda ofisi ya mji na kusimama kwenye dirisha la mapokezi mpaka karani akachoka kumwona.

"Wewe mzee, huna kazi?" karani alimuuliza siku moja.

"Ninayo. Nanyoa. Na nikimkata mteja sikio, namjibu pale pale, simwambii arudi wiki ijayo. Sasa na wewe nijibu."

Maneno hayo yalifika sokoni kabla yeye mwenyewe hajafika.

Kwa hiyo baraza la mji lilipotangaza kwamba kila eneo lichague kamati ya wananchi, na kwamba kazi yoyote ya umma isipokelewe kutoka kwa mkandarasi mpaka kamati hiyo iikague na kuikubali, watu wa soko hawakuumiza kichwa. Walikutana asubuhi kati ya meza za mboga, na jina likatajwa moja. Shangazi yake ndiye aliyelitaja kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa anauza nyanya pale tangu soko halijawekewa paa, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Ndiye aliyemlea Kwanini baada ya mama yake kufariki, akamsomesha kwa nyanya hizo hizo, na mpaka leo alimwita mwanangu.

"Huyu mnamjua," alisema. "Alipokuwa mdogo aliniuliza kwa nini jua halianguki, nikashindwa kupika. Mpeni kazi, labda nitapumzika."

Watu wakacheka, mikono ikainuliwa, na kinyozi akawa mwenyekiti.

Alianza vizuri, hilo hata waliokuja kumchukia hawakulikana. Kazi ya kwanza ilikuwa mtaro wa maji machafu nyuma ya soko. Mkandarasi alisema umekamilika. Kwanini alikunja suruali, akashuka ndani, akabonyeza ukingo wa saruji kwa kidole gumba, na saruji ikamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Akapanda juu na ukucha umejaa mchanga, akawaonyesha watu wa baraza. Mtaro ulivunjwa ukajengwa upya. Wiki nzima hakuna aliyekaa kwenye benchi la kinyozi bila kusimuliwa habari ya kidole kile, na kila siku mtaro ulizidi kuwa mrefu.

Ni baada ya mtaro huo ndipo katibu wa baraza alipoanza kumtazama vizuri.

Katibu alikuwa mtu wa sauti ya pole, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Hakumpa Kwanini hongo. Kama angempa hongo, mambo yangekuwa mepesi, maana hongo Kwanini angeitambua, angeirudisha mbele ya watu na kuisimulia kibandani mpaka uzee wake. Katibu alimpa kitu kingine. Alimwita Mheshimiwa. Kwenye mikutano alimwekea kiti chenye mikono, karibu na chake, wakati wajumbe wengine wakikalia viti vya plastiki. Chai ilipoletwa, ilianzia kwake. Siku za ukaguzi gari la baraza lilikuja kumchukua kibandani, na dereva alishuka kumfungulia mlango huku benchi lote likitazama.

Mara ya kwanza aliona haya. Mara ya pili alijikuta anachungulia dirishani kuona kama gari limefika.

"Baba Watoto, unavaa koti kwenda wapi na joto hili?" mke wake alimuuliza asubuhi moja. Alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye varanda ya soko, na macho yake yalizoea kuona uzi uliolegea.

"Kikao."

"Kikao cha nini?"

"Mambo ya baraza. Ni marefu."

"Mimi nina muda," alisema mkewe. Lakini gari lilikuwa limeshapiga honi.

Kazi kubwa ya mwaka huo ilikuwa vyoo vya soko. Vile vya zamani vilikuwa vimejaa na kubomolewa, na tangu hapo wanawake wa soko walikuwa wanavuka barabara kuu kwenda kituo cha mafuta kuomba ufunguo. Wakati mwingine walipewa, wakati mwingine waliambiwa choo ni cha wateja. Wengi waliacha kunywa maji mchana. Shangazi, na magoti yake, alivuka barabara ile polepole, mkono mmoja umeinuliwa kuyasimamisha magari kama askari wa usalama barabarani, huku akiwatukana madereva wote kwa upendo. Kwa hiyo vyoo vipya vilipoanza kujengwa, soko zima lilikuwa linahesabu kila tofali.

Siku ya ukaguzi ilifika. Jengo lilikuwa limepakwa rangi nyeupe, milango ya kijani, harufu ya rangi bado mbichi. Wauzaji walisimama nje kwa umbali wa adabu, wakisubiri. Kwanini aliingia ndani na katibu, mhandisi na mpiga picha. Vigae viling'aa. Milango ilifunguka na kufungika bila kulia. Kwenye ukuta kulikuwa na masinki, mapya, bado yana karatasi za dukani, na juu ya kila sinki koki inayong'aa.

Kwanini alinyoosha mkono akashika koki moja.

Kibanda chake kilikuwa kwenye barabara ile ile ambayo bomba kuu la maji linapita. Ili maji yafike kwenye jengo hili, ilikuwa lazima mtaro wa bomba uchimbwe mbele ya mlango wake. Haukuwa umechimbwa. Angejua, vumbi lake lingeingia kwenye mashine zake, na wateja wangelalamika. Aliyajua hayo yote akiwa ameishika koki ile kavu, na swali lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Mheshimiwa," katibu alisema kwa ile sauti yake, akimgusa kiwiko, "mgeni wetu kutoka makao makuu anatusubiri. Ameomba hasa akuone wewe. Anasema amesikia habari za ule mtaro."

Kwanini aliachia koki.

Nje alisimama kwenye ngazi. Mpiga picha akapiga magoti. "Nimekagua kwa macho yangu," Kwanini alisema, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe kwa jinsi ilivyofanana na ya katibu. "Kazi ni safi." Makofi yakapigwa. Shangazi alikuwa mbele, anapiga makofi kwa mikono iliyolowa maji ya nyanya, na uso wake ulikuwa umejaa fahari mpaka Kwanini akageuka kumtafuta mgeni wa makao makuu.

Utepe ulikatwa. Kesho yake kufuli ikawekwa mlangoni.

"Vyoo vimefungwa," mke wake alimwambia jioni, akichambua mchele.

"Wanamalizia vitu vidogo."

"Vitu gani?"

"Mama Watoto, mambo haya yana taratibu zake."

Aliinua macho kutoka kwenye sinia. "Siku hizi unaongea kama redio," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Kwanini aliuliza mara moja, ni kweli. Wakati wa chai, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba sukari. Katibu alimwambia suala la maji liko kwenye mpango, akamsogezea sahani ya biskuti. Na Kwanini, ambaye zamani angesimama dirishani mpaka giza, alichukua biskuti. Mwezi ukapita, na mwingine. Wanawake wakaendelea kuvuka barabara.

Kibandani nako kulikuwa kumebadilika. Watu walikuja, walinyolewa, wakalipa, wakaondoka. Wale wa benchi walipungua, na waliobaki walizungumza habari za mpira. Siku moja akirudi kutoka kununua wembe alisikia kicheko ndani, na alipoingia mtu mmoja akasema, "Haya basi, Mheshimiwa amekuja," na wote wakanyamaza. Alijiambia ni heshima. Alilishikilia wazo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Ajali ilitokea asubuhi, sokoni kukiwa kumechangamka. Mbeba mizigo mmoja wa soko alikuja mbio, akasimama mlangoni, akashindwa kusema, kisha akasema, "Shangazi yako." Kwanini alimwacha mteja amenyolewa nusu kichwa, akakimbia na aproni mwilini.

Alikuwa amelala pembeni mwa barabara kuu, upande wa kituo cha mafuta. Pikipiki ilikuwa imeanguka mbele kidogo, na kijana aliyekuwa akiiendesha amekaa chini ameshika kichwa, analia. Wanawake wa soko walikuwa wamemzunguka shangazi, migongo yao imegeukia watu, na mmoja alikuwa amevua kitambaa chake cha kujifunga akamfunika kuanzia kiunoni kwenda chini. Kwanini alipiga magoti. Alidhani wanaficha damu.

"Nilikuwa nimebanwa, mwanangu," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, hakuwahi kuisikia ikiwa ndogo vile. "Tangu asubuhi nilijizuia. Sikutazama vizuri."

"Usiongee, shangazi."

"Sikuwahi kufika. Unaelewa? Sikuwahi." Akamshika mkono. "Usiwaruhusu wanitazame. Nisamehe, nimekutia aibu mbele za watu."

Mwanamke huyu, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa lolote, alimwomba yeye. Kwanini alikivuta kitambaa kile kikamfunika vizuri. Alibaki amemshika mkono mpaka gari lilipopatikana.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Madaktari walifanya walichoweza, wakasema atakaa, atasimama kwa kushikiliwa, lakini habari ya soko aisahau.

Siku ile alipotoka kumwona shangazi hospitali, Kwanini alikwenda moja kwa moja ofisi ya mji. Hakuvaa koti. Katibu alimpokea mlangoni, akamshika bega, akampa pole ya kweli. Kwanini aliona kwamba ni ya kweli, na hilo lilimuumiza zaidi. Chai ikaletwa. Hakuigusa.

"Kwa nini maji hayakuunganishwa?" aliuliza.

Katibu alimsogezea kikombe. "Mheshimiwa, lakini wewe ndiye uliyeikubali kazi."

"Nauliza kuhusu maji."

"Na mimi nakujibu. Mkandarasi alikabidhi, wananchi wakakagua, mwenyekiti wao akasema mbele ya watu kazi ni safi. Mkandarasi ameshaondoka na yuko huru. Sisi tungewezaje kuikataa kazi ambayo nyinyi wenyewe mmeisifu?" Alisema bila ukali wowote, kwa sauti ile ile ya kubembeleza. "Tutaliingiza kwenye mpango wa mwaka ujao. Kunywa chai, Mheshimiwa."

Kwanini alitazama mikono ya kile kiti alichokalia, jinsi ilivyong'arishwa na viwiko vya watu waliokitangulia. Hakuwa wa kwanza. Aliinuka akatoka, na safari hii hakuna dereva aliyemfungulia mlango.

Alipofika sokoni akakuta wanawake wamekusanyika kwenye varanda, mkewe katikati, cherehani imefunikwa. Walimwachia nafasi apite. Alikuwa amepanga maneno njiani, maneno mazuri kuhusu mkandarasi na baraza na udanganyifu, lakini alipoziona nyuso zao yakayeyuka.

"Nilikuwa na wasiwasi na maji," alisema. "Siku ile. Ndani."

"Ulikuwa na wasiwasi," alirudia mama mmoja muuza vitunguu, polepole, kama anayepima uzito wa neno.

"Sikuwa na hakika."

"Ulikuwa na hakika," mke wake alisema. Hakupaza sauti. "Bomba linapita mlangoni kwako, Baba Watoto. Wewe kitu kikipita mlangoni kwako hukijui?"

Hakuna aliyemtukana. Angeshukuru kutukanwa. Matusi angeyabeba, angeyajibu, wangegombana na siku nyingine wakapatana. Badala yake waliendelea na mkutano kana kwamba amemaliza alilokuja kusema. Wakavunja kamati, wakachagua nyingine, na mkewe akawa mwenyekiti. Kwanini aliinua mkono kutaka kuchangia jambo, kwa sababu aliijua ofisi ile, milango yake na ujanja wake, na aliamini hilo lingewafaa.

"Wewe keti tu, Mheshimiwa," muuza vitunguu alimwambia kwa upole. "Tukikuhitaji tutakuita."

Hawakumwita.

Wanawake hao walifanya kazi kwa namna yao. Walikwenda ofisini kwa zamu, kila siku mwingine, na hakuna aliyekwenda peke yake. Walipoulizwa wana shida gani walisema wamekuja kujua maji yamefika wapi, kisha wakakaa kwenye mapokezi na kazi zao za mikono, mmoja anachambua mboga, mwingine anashona vifungo. Kwanini alisimuliwa kwamba katibu alimwekea mke wake kile kiti chenye mikono na kumkaribisha, "Mheshimiwa, keti." Mkewe akasema, "Mimi ni fundi wa sare. Maji lini?" Akabaki amesimama. Hadithi hiyo Kwanini aliisikia kwa mteja, si kwa mkewe. Nyumbani waliongea vizuri, kuhusu watoto, kuhusu dawa za shangazi. Kuhusu soko mkewe hakumficha kitu, ila hakumsimulia pia, na yeye hakuona kama ana haki ya kuuliza.

Mvua zilikuja zikaisha. Kiangazi kikafika katikati ndipo mafundi walipokuja na sururu na kuanza kuchimba mbele ya kibanda chake. Vumbi liliingia kila mahali, kwenye vitana, kwenye taulo, kwenye meno ya mashine. Aliweka ubao juu ya shimo ili wateja wavuke, na akasimama mlangoni kuwatazama wale vijana wakichimba. Ilikuwa kazi ndogo. Kazi ndogo kabisa, ambayo angeidai siku ile kwa sentensi moja.

Siku maji yalipotoka alikuwa anamnyoa mzee mmoja fundi viatu. Vigelegele vilitoka sokoni, vikapanda, vikaendelea. Mzee akajigeuza kitini. "Huendi kuona?"

"Tulia, nisikukate," Kwanini alisema.

Shangazi alihamia kwao. Walimpa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda Kwanini alimwinua kitandani, mikono yake chini ya makwapa yake, na wakatembea pamoja mpaka uani, hatua fupi fupi, shangazi akilalamika kwamba anamshika kama gunia la mkaa. Hakuwahi kumlaumu. Kwanini alisubiri lawama hiyo mwezi baada ya mwezi, akajiandaa jinsi ya kuipokea, na haikuja. Jioni moja, akimkanda miguu, aliamua kuianza mwenyewe.

"Shangazi, vile vyoo, siku ile ya makofi..."

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuona ulivyotoka. Mtoto niliyemlea nisimjue uso wake akiwa anaficha kitu?"

"Mbona ulipiga makofi?"

Shangazi alitazama magoti yake. "Watu wote walikuwa wanakutazama," alisema. "Ningefanyaje?" Kisha akamwambia akande kwa nguvu, si kama anapapasa paka.

Baadaye alichoka kukaa bure. Alitaka meza yake. Kwanini alikwenda kuichukua sokoni, na wanawake wakamsaidia kuibeba mpaka barabarani bila maneno mengi. Aliiweka nje ya mlango wa nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, akamletea tenga la nyanya, na shangazi akazipanga mafungu mafungu kwa ustadi ule ule, nzuri juu, zenye alama chini. Lakini mtaa huo haukuwa na wapitaji. Mchana kutwa walipita wachache, wakamsalimu, wakaenda zao sokoni.

Kila jioni Kwanini akitoka kazini alisimama mezani kabla ya kuingia ndani.

"Nipe mafungu mawili, shangazi."

"Jana ulichukua. Na juzi. Huko ndani mnakula nyanya tupu?"

"Watoto wanazipenda."

Alimtazama kwa muda, mkono umepumzika juu ya nyanya. Halafu akamchagulia zilizo bora, akazifunga, akampa.

"Kesho niletee mteja wa kweli," alisema.

Kwanini aliitikia. Akaingia jikoni, akafungua kabati, akaziweka zile nyanya juu ya za jana, ambazo zilikuwa zimeanza kulainika.